Nusu Saa Ndani ya Miwani: Chumba cha Uhalisia Pepe Kando ya Barabara ya Ngong

Chumba chenyewe kiko ghorofa ya tatu ya jengo la maduka kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, kati ya kinyozi na fundi wa simu, na mtu asiyeelekezwa anaweza kupita mlangoni mara kumi bila kujua kwamba mle ndani watu hulipa shilingi 1,500 kwa nusu saa ili wafunikwe macho kwa miwani ya uhalisia pepe (virtual reality) na kuonyeshwa dunia nyingine. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina malalamiko mawili matatu na sipendi kumharibia biashara mtu ambaye, kwa jumla, anaifanya kazi yake kwa bidii. Wanaopita huko watakitambua kwa maandishi makubwa yaliyopakwa rangi ukutani, pembeni mwa mlango: JE, UNA HAKIKA KWAMBA HAPA NI HALISI?

Mpwa wangu, ambaye yuko likizoni na ambaye aliijua michezo ya kompyuta kabla ya kujua kufunga kamba za viatu, alitaka kwenda kupiga mishale na kupigana na majoka. Mimi nilikwenda kama mlipaji. Lakini nimefundisha fizikia katika shule za upili kwa miaka mingi, na hakupiti muhula bila mwanafunzi mmoja kuniuliza, mara nyingi katika kipindi cha mwisho siku ya Ijumaa, kama si kweli kwamba ulimwengu huu wote ni programu inayoendeshwa kwenye kompyuta ya mtu fulani. Basi nilipokuta biashara iliyolitundika swali hilo mlangoni kama vinyozi wanavyotundika picha za mitindo ya nywele, niliona ni haki kuipima kwa swali lake yenyewe. Majoka nitawaachia vijana wayaandikie. Mimi nilitaka kujua kama mtu akilipa shilingi 1,500 anatoka akiwa na ufahamu wowote alioukosa alipokuwa akiingia.

Mapokezi ni mazuri. Unalipa kwa M-Pesa, unavua viatu, unaweka mkoba kwenye kabati dogo lenye ufunguo. Mhudumu, binti mwenye subira nyingi, alizipangusa miwani zote mbili kwa kitambaa chenye spiriti mbele ya macho yetu, akatupa kofia nyepesi za kuvaa chini ya mikanda, kisha akaniuliza kama nina miwani ya macho. Wanaovaa miwani yenye fremu pana wajue kwamba haiingii vizuri. Yangu ilinibana hadi ikaniachia alama mbili puani ambazo mke wangu aliziona saa tatu usiku. Wenye nywele ndefu za kusuka nao wafike mapema kidogo, maana mikanda huchukua muda kukaa sawa.

Kifaa chenyewe hakina uchawi. Ndani mna skrini, na kila jicho hupewa picha yake kupitia lenzi inayoifanya ionekane iko mbali. Picha hizo mbili hutofautiana kidogo, kama vile kidole ulichokisimamisha mbele ya pua kinavyoruka ukifumba jicho moja kisha jingine, na ni tofauti hiyo ambayo ubongo huigeuza kuwa kina. Vihisi hupima kila mgeuko wa kichwa, kamera ndogo zilizo upande wa nje hutazama kuta na sakafu ili kifaa kijue umesogea kiasi gani, na picha huchorwa upya mara 72, 90 au zaidi kwa kila sekunde. Wabunifu hujitahidi kuhakikisha kwamba muda kati ya kichwa kugeuka na picha kugeuka hauzidi milisekunde 20 hivi, kwa sababu ukizidi hapo tumbo huanza kulalamika. Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko wengi wa wateja niliowaona: mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alikuwa amekwisha kutengeneza kifaa cha kuvaa kichwani, kilichoonyesha michoro ya mistari mitupu na kilichoning'inizwa kutoka darini. Tangu wakati huo vifaa vimepungua uzito na bei, picha zimekuwa za rangi, na kanuni imebaki ileile.

Nilianza na ubao. Unaingia kwenye lifti, lifti inapanda, mlango unafunguka, na mbele yako umetokeza ubao mwembamba kama ulimi kutoka kwenye ubavu wa jengo refu, huku magari yakipita chini madogo kama siafu. Nilijua nilipo. Nilijua kwamba chini ya soksi zangu kuna zulia la kijivu lenye doa la soda karibu na dirisha, na kwamba nyuma ya ukuta wa kulia kuna kinyozi, kwa kuwa nilikuwa nikiisikia mashine yake ikinguruma bila kupumzika. Nikainua mguu, mguu ukakataa kutua.

"Mzee, sakafu iko hapo tu," alisema yule binti, kutoka mahali ambapo kwa macho yangu palikuwa hewa tupu. "Weka mguu polepole."

Niliuweka, nao ukakanyaga mbao. Hapo ndipo wenye chumba hiki wanapostahili sifa kamili, kwa maana wamelaza sakafuni mbao ya kweli ya futi sita hivi, ya aina inayouzwa kwa wauza mbao wote wa mjini, wakaweka kipande cha kadibodi chini ya ncha moja ili icheze kidogo, na wakaipanga sawasawa na ule ubao unaoonekana ndani ya miwani. Mpaka hapo nilikuwa nimeogopa kwa macho peke yake. Mbao ilipotikisika chini ya unyayo niliogopa kwa mwili mzima, nikanyoosha mikono kama mtu anayevuka mto kwa gogo, na jasho likanitoka katika chumba chenye feni. Mwaka 1998 watafiti Matthew Botvinick na Jonathan Cohen walieleza jaribio ambalo mtu yeyote mwenye brashi mbili anaweza kulirudia: mkono wa mtu hufichwa nyuma ya kizuizi, mkono wa mpira huwekwa mbele yake mahali anapouona, kisha mikono yote miwili hupapaswa kwa brashi kwa wakati mmoja, na baada ya muda si mrefu mtu huanza kuhisi kwamba mkono wa mpira ni wake. Macho na ngozi vikitoa ushahidi mmoja, kichwa hakiiti shahidi wa tatu.

Na ushahidi wenyewe ulikuwa hafifu. Nilipopata ujasiri wa kutazama vizuri niliona kwamba magari hayakuwa na madereva, kwamba mawingu matatu yalikuwa wingu moja lililorudiwa, na kwamba maandishi ya mabango ya mbali yalikuwa ukungu mtupu. Macho ya mtu mzima huona upana wa nyuzi 200 hivi, ilhali miwani za namna hii nyingi huonyesha nyuzi 100 hivi, kwa hiyo muda wote unatazama kana kwamba umevaa kinyago cha kupigia mbizi. Hata hivyo magoti yangu yaliamini. Mpwa wangu, kwa upande wake, aliukimbilia ubao hadi mwisho akaruka, akacheka, akanipa maelezo yake baada ya kuvua miwani: "Mjomba, ukianguka huko unaamkia huku." Ameanguka mara nyingi kwenye skrini, na mwili wake umejifunza kutoamini. Wangu umelelewa na ngazi za kawaida.

Jambo bora kuliko yote katika chumba hiki, kwa maoni yangu, halilipiwi hata senti. Ni kadi nyeupe iliyobandikwa karibu na benchi la kusubiria, yenye msalaba mdogo upande wa kushoto na doa jeusi upande wa kulia. Unafumba jicho la kushoto, unaukazia msalaba jicho la kulia, unaisogelea kadi taratibu, na mahali fulani doa linatoweka. Pale lilipokuwa hubaki weupe safi wa kadi, bila shimo wala giza. Sababu yake inajulikana vyema: mahali ambapo neva ya kuona inatokea nyuma ya jicho hapana chembe za kupokea mwanga, hivyo kila jicho lina kipande cha dunia lisichokiona, nao ubongo hukijaza kwa kukisia kutokana na kilicho jirani. Tumetembea na tundu hilo tangu kuzaliwa, tumevuka nalo barabara ya Tom Mboya saa kumi na mbili jioni, na hakuna aliyelalamika. Katika karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz alikwisha kusema kwamba kuona ni kukisia kunakofanyika bila sisi kujua. Mpwa wangu, aliyeruka kutoka ghorofa ya juu bila kupepesa jicho, aliisogelea na kuiacha kadi ile mara sita, na alipokaa chini alikuwa kimya.

Na wala hatuhitaji kwenda Ujerumani kutafuta mzizi wa shaka hii. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alieleza jinsi alivyoacha kuziamini hisi zake: kivuli alikiona kimetulia, na baada ya saa moja akatambua kwamba kilikuwa kikitembea, nyota aliiona ndogo kama dinari, na hesabu za jiometria zikamwonyesha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Baada ya hisi alizigeukia kanuni za akili, akajiuliza kama kunaweza kuwa na hali nyingine ambayo kwayo uamkaji wetu huu ni kama ndoto ilivyo kwa uamkaji. Hali hiyo ilimshika kwa karibu miezi miwili, naye mwenyewe alisema hakuponywa na hoja bali na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Ningependa kuyaona maelezo kama hayo kwenye kuta za chumba hiki, kwa kuwa yangewafaa wateja wengi wa Nairobi kuliko yale yaliyopo.

Yaliyopo ndiyo yaliyonikera. Karibu na kaunta kuna bango la kumetameta linalosema kwamba "mwanasayansi wa Oxford amethibitisha" kuwa tunaishi ndani ya kompyuta, na chini yake pameandikwa jina la Nick Bostrom. Bostrom ni mwanafalsafa, mzaliwa wa Sweden, na katika makala aliyoichapisha mwaka 2003, alipokuwa Oxford, hakuthibitisha kitu cha namna hiyo. Alisema kwamba kati ya mambo matatu, angalau moja lazima liwe kweli: ama karibu staarabu zote hutoweka kabla ya kufikia uwezo wa kuiga maisha ya mababu zao kwa kompyuta, ama zile zinazofikia uwezo huo karibu zote hazina haja ya kuutumia kwa kazi hiyo, ama sisi, kwa uwezekano mkubwa kabisa, tumo ndani ya uigaji. Hoja yake ni ya kuhesabu vichwa. Ikiwa uigaji unafanywa, na unafanywa mara nyingi, basi watu walioigwa ni wengi mno kuliko waliozaliwa na mama zao, na yule asiyeweza kujua yumo katika kundi gani ana sababu ya kujiweka upande wa walio wengi. Aliukisia hata ukubwa wa kazi hiyo: kuiga historia yote ya akili za binadamu kungehitaji hatua za hesabu ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sufuri 33 hadi 36. Na mwishoni alishauri kwamba, kwa kuwa hatuna ushahidi wa kuegemea upande mmoja, ni busara kuigawa imani yetu karibu sawa kati ya mambo hayo matatu. Mtu aliyegawa shilingi mia tatu kwa watoto watatu hawezi kutangazwa mtaani kwamba amempa mmoja zote.

Bango hilohilo linamtaja Elon Musk, ambaye mwaka 2016 alisema hadharani kwamba uwezekano wa sisi kuwa katika uhalisia wa msingi ni mmoja kwa mabilioni. Alisema hivyo, ni kweli. Sioni jinsi utajiri unavyoingia katika kipimo.

Lakini kosa kubwa la bango haliko katika neno "amethibitisha". Liko katika kuuweka uigaji wa Bostrom na miwani ile katika kapu moja, kana kwamba cha pili ni mfano mdogo wa cha kwanza. Hili nililielewa vizuri safari ya pili, nami nakiri kwamba bila chumba hiki huenda nisingelielewa hivyo.

Safari ya pili nilikwenda peke yangu, jioni ya siku ya kazi, nikachagua kitu kisicho na kelele: ufuo wenye minazi, mchana mweupe, bahari imetulia. Juu ya ngalawa iliyopinduliwa ameketi mvuvi anayeshona wavu. Ukimkaribia huinua kichwa, hutabasamu, husema neno la kukukaribisha, kisha hurudi kwenye wavu wake. Nilimkaribia mara nne. Mara zote nne aliinua kichwa kwa pembe ileile, akatabasamu kwa muda uleule, na sindano yake ikapita katika tundu lilelile ambalo halijazibika mpaka leo. Nilijaribu pia kugeuka ghafla ili nimkamate akiwa hafanyi lolote, jambo lisilowezekana, kwa kuwa programu za namna hii haziichori sehemu iliyo mgongoni mwako. Mvuvi huchorwa unapomtazama, na usipomtazama hubaki hesabu chache zinazosubiri.

Wanafunzi wangu huliruka pengo lote kutoka hapo hadi kwenye fizikia ya chembe. Wamesikia kwamba elektroni haina mahali maalumu mpaka ipimwe, wakahitimisha kwamba ulimwengu nao hubana matumizi kama mchezo wa kompyuta, ukichora tu kinachotazamwa. Mawili yanalipinga hilo. Kwanza, kupima katika fizikia hakuhitaji jicho la mtu. Chembe ikigongana na hewa au na mwanga imetosha. Pili, na hili ndilo ninalopenda kuliandika ubaoni, maumbile hayabani matumizi hata kidogo. Ukitaka kueleza kwa ukamilifu hali ya chembe 300 tu, ambazo kila moja ina hali mbili zinazowezekana na zimefungamana zote, unahitaji idadi ya namba inayopatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mara 300, na idadi hiyo inazidi makisio ya atomu zote za ulimwengu tunaoweza kuuona. Mwandishi wa programu anayetaka kuokoa nguvu za kompyuta asingeandika sheria za namna hiyo. Kwa upande mwingine, ni haki kusema kwamba wapo waliolichukulia swali hili kama la kupimwa: mwaka 2012 wanafizikia Silas Beane, Zohreh Davoudi na Martin Savage walionyesha kwamba kama anga ingekuwa imejengwa juu ya vyumba vidogo vya mraba kama karatasi ya grafu, miale ya anga yenye nishati kubwa kupita zote isingesambaa sawa kwa kila upande. Hiyo ni kazi ya kisayansi inayokubali kukosea, na ningeitundika ukutani badala ya Musk.

Nilikuwa nimesimama mbele ya yule mvuvi kwa mara ya nne wakati mashine ya kinyozi iliponyamaza. Kwangu mimi jua liliendelea kuwaka. Minazi iliyumba, mawimbi yalikuja na kurudi, na mvuvi aliendelea kushona, kwa sababu miwani ina betri yake. Lakini nyuma ya ukuta mtu alisema "stima imepotea," mtoto akaanza kulia mahali ambapo mimi niliona mchanga mtupu, na nikafahamu kwamba mwili wangu umesimama gizani. Kisha dunia ikaanza kulegea. Kamera za nje, zinazohitaji mwanga ili kuziona kuta, hazikuona kitu tena. Nilipogeuza kichwa, ufuo uligeuka kama kawaida, kwa kuwa vihisi vya mgeuko havihitaji taa. Nilipopiga hatua, sikusogea: ngalawa ilibaki umbali uleule. Baada ya sekunde chache ufuo wote, bahari, minazi, mvuvi na wavu wake, uliteleza taratibu kuelekea kushoto kama kitambaa cha meza kinachovutwa na mtoto, na angani yakatokea maandishi ya kunijulisha kwamba kifaa hakijui tena kiko wapi. Nilivua miwani, nikajikuta natazama ukuta, hatua moja kutoka dirishani.

Jua lile la uongo lilikuwa limetegemea balbu ya kweli, na habari ya kufa kwa balbu niliipata kwa kinyozi. Nikiwa ndani ya miwani, upo ukuta, na nyuma ya ukuta yupo mtu ambaye mashine yake inaweza kunyamaza. Tena yupo binti anayeweza kuniambia sakafu iko wapi. Anachokizungumzia Bostrom ni dunia isiyo na kinyozi nyuma ya ukuta. Kuna tofauti ya pili, iliyo nzito zaidi. Hoja yake yote inasimama juu ya dhana ambayo yeye mwenyewe aliitamka waziwazi, kwamba akili haihitaji nyama na damu, na kwamba hesabu zilezile zikifanywa na mashine zitaleta fahamu ileile. Miwani haikuigusa dhana hiyo kwa vyovyote. Kilichokokotolewa ni ufuo, mimi sikukokotolewa. Nililetewa picha za uongo, lakini woga wa ubao ulikuwa woga wangu wa kweli, katika mwili uliopanda ngazi na uliokuwa na njaa ya chakula cha jioni. Aliyekokotolewa katika chumba kile ni mvuvi peke yake, na swali la mlangoni, kama lingeandikwa kwa usahihi, angeulizwa yeye. Kwa sasa hana wa kulijibu; ndani yake hamna zaidi ya tabasamu moja na sindano moja. Je, akiongezewa hesabu mara bilioni, atafika mahali ambapo kuna mtu wa kuulizwa? Sijui mtu yeyote aliyelijibu hilo kwa namna inayoniridhisha, na sitarajii kujibiwa kwa shilingi 1,500.

Mwanafalsafa David Chalmers huwaambia wenye hofu kwamba hata tukiwa ndani ya uigaji, meza ni meza na mti ni mti, ila tu vimetengenezwa kwa kitu tofauti na tulichodhani. Nakubaliana naye nusu. Kodi ya nyumba ingelipwa tarehe tano kama kawaida. Lakini mtu aliyewahi kuuona ufuo ukiteleza kushoto hawezi kusema kwamba haijalishi balbu iko upande gani.

Sasa malalamiko, kwa ufupi. Nusu saa yao huanza kuhesabiwa unapokabidhiwa miwani, wala si unapoanza kuona, hivyo mara ya kwanza mimi nilipata dakika 22. Mchezo wa gari la mashindano mkatae kabisa ikiwa mmekula karibuni, kwa kuwa macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halikuuhisi, na mpwa wangu, pamoja na ujasiri wake wote, alikaa kwenye ngazi akishika tumbo kwa robo saa. Jenereta ya jengo ilichelewa kuwaka, na dakika zangu zilizopotea gizani hazikurudishwa mpaka nilipoziuliza mara mbili, hatimaye yule binti aliniandikia kikaratasi cha dakika kumi za bure, akaomba radhi kwa adabu, akasema, "Mwalimu, ukirudi njoo asubuhi, hakuna watu wengi." Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Nadhani aliitambua kwa jinsi nilivyosimama mbele ya bango nikitafuta kalamu.

Nenda asubuhi, basi, vaa soksi safi, omba ubao kwanza na ufuo baadaye, na kabla ya kulipa chochote kaa kwenye benchi uitazame kadi ya doa jeusi. Wakati wa kutoka watakuomba uwape nyota kupitia simu. Mpwa wangu aliwapa tano papo hapo, akiwa bado ameshika tumbo. Mimi nilitaka kuwapa tatu na nusu, moja nzima ikiwa ni ya ile mbao, lakini ukurasa wao haupokei nusu. Kila nilipogusa katikati ya nyota, ilijaa yote au ikabaki tupu, na nyuma yangu foleni ilikuwa imefika kwa kinyozi.